Breki za Mzee Mihayo

Inspekta Prudencia Rwehumbiza alivua saa yake, akampa Sajenti Antoni aishike, akatandika gunia kwenye vumbi la uwanja wa polisi na kulala chali chini ya gari. Ilikuwa Jumapili. Bado alikuwa na gauni lake la kanisani.

"Afande, utachafuka."

"Nimeshachafuka. Nipe tochi."

Gari lenyewe lilikuwa kituko. Viti viwili, pua ndefu, bodi ya bati jepesi, magurudumu ya spoki, na taa mbili za duara zilizotokeza mbele kana kwamba zinashangaa. Mzee Mihayo wa Mkolani ndiye aliyeliunda, uani kwake, nyuma ya jiko. Alikuwa anaokota vipande vya magari ya wakoloni kwenye vinu vya pamba na kwenye misheni, ekseli hapa, rejeta pale, usukani mmoja kutoka banda la kuku la padri, na kuvifunga upya mpaka vitembee. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, Mwanza nzima ilikuwa inakimbilia magari yaliyotumika kutoka Japani, na yeye anaunda magari ya enzi za baba yake. Walimcheka. Halafu wakaanza kuagiza.

Ijumaa asubuhi gari hili liliacha barabara karibu na Usagara, likagonga jiwe kwa ubavu. Mzee Mihayo alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali, na Jumamosi alizikwa. Fundi wake wa breki, Malimi, alikuwa mahabusu. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo cha mtu aliyemfundisha kazi. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Prudencia kwamba kama ana la kusema, aliseme kabla ya jioni.

"Kesi imekamilika, afande," Antoni alisema kutoka juu. Alikuwa mtu wa Songea, amesoma seminari, na alijivunia Kiswahili chake kuliko cheo chake. Ukisema vibaya mbele yake atakurekebisha, hata kama unatoa taarifa ya kuibiwa. "Marehemu mwenyewe ametamka kwamba gari lilifeli breki. Akamtaja Malimi kwa jina. Malimi amekiri. Na gurudumu la mbele la kulia limelowa mafuta ya breki. Unatafuta nini tena huko chini?"

"Natafuta mafuta yalikotoka."

Prudencia alianzia kwenye pedali. Kutoka hapo tochi yake ilifuata mkono wa chuma, kutoka kwenye mkono ikafuata fimbo ndefu iliyonyooka chini ya chesisi, na kutoka kwenye fimbo zikagawanyika fimbo nyingine nyembamba, kila moja na gurudumu lake. Kila kiungo kilikuwa na pini, na kila pini ilikuwa na waya wake wa kuifunga, umekunjwa vizuri. Hakuna hata moja iliyochomoka. Alirudia tena kutoka magurudumuni hadi kwenye pedali, kwa kidole safari hii.

"Antoni, una baiskeli?"

"Ninayo, afande. Ya Kichina."

"Ina breki za nini?"

"Za fimbo."

"Unaweka mafuta ya breki?"

"Kwenye baiskeli? Ya nini?"

"Basi na hili haliwekwi. Hakuna tangi, hakuna bomba, hakuna mpira. Ni fimbo tupu. Njoo uone."

Antoni alisitasita, akaitazama suruali yake, mwishowe akapiga magoti. Alifuata fimbo moja kwa macho kutoka kwenye pedali mpaka gurudumuni.

"Lakini mafuta yapo," alisema.

"Yapo. Yamemwagiwa. Aliyeyamwaga hakujua breki za gari hili zinafanyaje kazi. Nani alikaa na gari mpaka likavutwa?"

"Mbia wa marehemu. Bwana Revocatus Kaijage. Alijitolea mwenyewe kulilinda."

Prudencia alitoka chini, akajikung'uta, akazunguka nyuma. Tairi la akiba lilikuwa limefungwa kwenye mkia, na bati la hapo lilikuwa limebonyea kwa ndani. Kwenye nafasi kati ya tairi na bati aliokota vipande vya kioo kinene chenye mistari. Kioo cha taa. Alizitazama taa za gari. Zote mbili zilikuwa nzima.

"Na hiki pia hukukiandika?"

"Nilidhani ni cha chupa," Antoni alisema, na sauti ilikuwa imeshuka.

*

Malimi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amevaa shati lile lile la Ijumaa. Alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, mikono imeingia grisi mpaka kwenye mistari ya viganja. Alikaa, akaweka mikono mezani, akaitazama.

"Umekiri," Prudencia alisema.

"Nimekiri, mama."

"Nieleze breki zilifeli vipi."

"Nafikiri pini. Pini ya fimbo ya mbele. Labda sikuifunga waya. Nakumbuka niliifunga, lakini labda sikuifunga."

"Pini zote zipo. Nimezikagua mwenyewe sasa hivi."

Malimi alitikisa kichwa. Hakuonekana kufurahi.

"Na mafuta ya breki?" Prudencia aliuliza.

"Mafuta gani?"

"Yaliyovuja gurudumu la mbele."

"Mama, gari lile halina mafuta ya breki. Ni breki za fimbo."

Prudencia alimgeukia Antoni, ambaye alikuwa anachunguza dari.

"Sasa Malimi. Pini zipo, mafuta hayahusiki. Kwa nini unasema ni wewe?"

"Kwa sababu mzee alisema. Walinisomea. Mzee amesema breki zimefeli, mwambieni Malimi. Mama, mzee yule hajawahi kunisingizia kitu. Hata siku moja. Hata nilipounguza rangi ya gari la watu alisema tumekosea sote wawili. Kama anakata roho na anasema ni breki za Malimi, basi ni breki za Malimi. Mimi nitabisha na nani? Nipelekeni."

Hapo ndipo ugumu wa kesi ulipokaa. Prudencia aliona wazi kwamba mtu huyu hatapigania nafsi yake. Hakimu akimwuliza atasema ndiyo, na ndiyo hiyo itamtosha.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Mzee alinituma mjini kutafuta bolti. Ndiko nilikokamatiwa."

"Na magari mengine pale uani?"

"Kuna lile la kwanza, jekundu. Tunaliita Kipimo." Kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Haliuzwi lile. Kila gari tunalounda tunapima kutoka kwake, chesisi, springi, mpaka fimbo za breki. Mzungu mmoja wa kambi ya wachimba dhahabu kule Geita alikuja na bwana Revocatus kulitaka, mzee akamwambia hata ukilijaza hiyo dhahabu siuzi. Bila Kipimo hakuna anayeweza kuunda jingine. Hata mimi ningebahatisha tu."

*

Uani kwa Mzee Mihayo, Mkolani, msiba ulikuwa bado umekaa. Wanawake walikuwa upande wa nyumba, na upande wa banda alikuwa Revocatus Kaijage, suruali imepigwa pasi, tai nyeusi shingoni. Yeye ndiye aliyetafuta wateja na kuandika barua. Alipomwona Prudencia aliachia tabasamu la mtu aliyekutana na ndugu, akamwita kwa Kihaya.

"Waitu, dada yangu! Kumbe mpelelezi mwenyewe ni wa kwetu Bukoba. Sasa nina amani."

"Poleni na msiba, bwana Kaijage," Prudencia alimjibu, na uso wake haukumpa chochote cha nyumbani.

"Tumeshapoa. Tunasikitika tu kwa ajili ya fundi wake. Malimi si mtu mbaya, ila mzembe. Ule mpira wa mafuta ya breki, gurudumu la kulia, ulikuwa unavuja tangu Alhamisi. Nilimwambia aukaze. Nilimwambia mbele ya marehemu!"

Kalamu ya Antoni ilisimama. Prudencia alimkanyaga mguu taratibu, ikaendelea kuandika.

"Kumbe breki hizi unazijua," alisema.

"Dada, magari haya nimeyaunda kwa mikono yangu. Hakuna bolti nisiyoijua."

Aliinua mikono hiyo kuionyesha. Ilikuwa mikono laini, yenye kucha safi. Prudencia aliitazama kwa adabu zote.

"Na pale kulikuwa na nini?" Alionyesha kona ya banda, ambapo vibao vya kupimia vilikuwa vimeegemea ukuta na sakafu ilikuwa na alama za matairi membamba.

"La kwanza. Mzee aliliuza."

"Kwa nani?"

"Sikuuliza. Lilikuwa lake."

"Ijumaa asubuhi wewe ulikuwa wapi?"

"Magu. Kuna kinu cha zamani, nilifuata ekseli. Narudi mjini nasikia ajali, nikakimbilia Usagara."

"Ekseli iko wapi?"

"Sikuipata, dada. Safari ya bure."

Nje, chini ya ukuta, palikuwa na pikapu yake nyeupe. Ilikuwa imeoshwa. Prudencia alipita mbele yake bila kusimama. Taa ya kulia ilikuwa na ukungu wa uzee, kioo kimeingia rangi ya chai. Ya kushoto ilikuwa inang'aa.

Walipoingia kwenye Land Rover, Antoni alilipuka. "Mpira wa mafuta! Tumrudie tumpige pingu!"

"Kwa kosa gani? Kutojua breki? Wakili wake atasema alikosea, alichanganyikiwa na msiba. Taa atasema ilivunjika wiki iliyopita. Na bado marehemu ametamka breki, Antoni, na Malimi yuko tayari kufungwa kwa tamko hilo. Twende kwa aliyelisikia."

"Nilishamhoji."

"Twende ukamhoji tena mbele yangu."

*

Aliyelisikia ni Teodora, mama muuza chai na viazi kando ya barabara ya Usagara. Kibanda chake kilikuwa cha bati, jiko la mkaa mbele, benchi moja. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye ajali na wa pekee aliyezungumza na mzee akiwa hai.

"Mwadila, mayu," Prudencia alimwamkia kwa Kisukuma, kadiri ulimi wake wa Kihaya ulivyomruhusu.

Teodora alicheka kwa mshangao. "Mwadila! Kumbe Wahaya nao wanajua. Kaa, mama, kalibu chai."

Alimiminia wote wawili bila kuuliza. Antoni alitoa kalamu.

"Tueleze tena," Prudencia alisema. "Usiharakishe."

"Mimi nilikuwa nakaanga. Nikasikia kishindo huko chini kwenye mawe. Nikaacha kalai, nikakimbia. Nakuta gali limelala ubavu, baba wa watu amebanwa na usukani, damu tu. Nikamwita, baba, baba. Akafungua macho. Akasema, feli. Nikamwambia nyamaza, baba, watu wanakuja. Akanishika hapa." Teodora alishika kifundo cha mkono wake. "Akasema, feli, mwambie Malimi, feli. Hakusema tena."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, akageuza viazi.

"Alitaja breki?" Prudencia aliuliza.

"Bleki? Hapana. Hakutaja bleki."

Prudencia alimgeukia sajenti wake.

"Afande, maana ni ile ile," Antoni alijitetea. "Gari limelala mtaroni, dereva anasema limefeli. Limefeli nini kama si breki? Mimi niliikamilisha tu sentensi. Mtu anayekata roho hawezi kupanga sarufi."

"Uliikamilisha sentensi ya marehemu."

"Ili isomeke vizuri."

Prudencia alichukua kikombe chake. Alikunywa chai. Hakuwa na la kumwuliza Teodora, na jua lilikuwa limeshaanza kuelekea Geita. Akiondoka hapa na neno lile lile, Malimi kesho ataenda gerezani kwa hiari yake.

Lori lilitokea upande wa mjini, limejaa masanduku ya bia, likapita mbio na kuwafunika kwa vumbi. Teodora alifunika sufuria kwa mkono na kulisindikiza kwa msonyo.

"Hao saa hizi hawasimami hata uwaite na kuku mzima. Wanawahi feli."

Kikombe cha Prudencia kiliishia njiani.

"Wanawahi nini?"

"Feli, mama. Feli ya Kigongo. Ikiwaacha, wanalala huko na mbu."

Viazi vilikuwa vinachemka kwenye mafuta.

"Mama," Prudencia alisema polepole, "ile meli inayovusha magari kwenda Busisi, wewe unaiitaje?"

"Feli. Kwani nyie mnaiitaje?"

"Kivuko," Antoni alijibu, karibu kwa kunong'ona. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiita vinginevyo. Feri lilikuwa neno la makondakta, na feli lilikuwa neno la kurekebishwa.

"Mzee Mihayo alikuwa Msukuma," Prudencia alisema. "Gari kwake ni gali. Barabara ni balabala."

"Sasa angesemaje?" Teodora aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukaanza kubadilika. "Ngojeni. Mimi nilimwambia huyu bwana mkubwa wa kalamu, Malimi aambiwe feli. Nikajua mmemwambia. Nikajua mmekwenda. Kwani hamkwenda?"

Antoni alifunga daftari. Lilikataa kufungika vizuri, kalamu ilikuwa ndani.

"Hatukwenda, mama," Prudencia alisema. "Tunakwenda sasa."

*

Kigongo, foleni ilikuwa fupi na ziwa limetulia. Mhoja, mpangaji wa magari kwenye feri, alikuwa ameketi juu ya rundo la kamba akila muwa. Alikumbuka Ijumaa bila kusukumwa.

"Lori lilikuja limefunikwa turubai. Nikasema fungueni, maana watu wanapitisha sangara humo kwa magendo. Wakafungua. Loo! Kigari chekundu, kidogo, kinang'aa, mpaka abiria wakashuka kwenye basi kukitazama. Nikawauliza cha nani, wakasema kinakwenda Geita kwa mzungu."

"Lilivuka?"

"Lilivuka. Ila kabla halijapanda ilikuja pikapu nyeupe, yenyewe haikuvuka. Dereva kavaa tai. Akaongea na wa lori, akawaambia wamsubiri Sengerema atawafuata akishamaliza msiba. Nikashangaa, mtu wa msiba anafanya nini hapa? Tena anatetemeka, na taa yake imevunjika. Nikamwuliza, bwana, umegonga ng'ombe?"

"Akasemaje?"

"Akasema ndiyo, ng'ombe."

"Taa ipi?"

Mhoja alisimama, akajifanya ni pikapu, akanyoosha mikono miwili mbele. Akatikisa wa kushoto.

Prudencia aliiomba redio ya ofisi ya feri. Ilichukua kelele nyingi na kurudia maneno mengi mpaka polisi wa Sengerema wakaelewa, lakini walipoelewa hawakuwa na kazi kubwa. Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba ya wageni, dereva anacheza bao, turubai bado limefungwa. Mtu wa tai hakuwa amefika.

"Likamateni," Prudencia alisema. "Na lisiguswe hata kioo."

*

Revocatus Kaijage alifika kituoni jioni kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa ameambiwa kwamba inspekta anahitaji msaada wa mtaalamu. Prudencia alimpokea uwanjani, kando ya gari lililopondeka, akamnyooshea gunia.

"Bwana Kaijage, hakimu atataka kuonyeshwa ule mpira wa mafuta uliokuwa unavuja. Sisi si mafundi. Tuonyeshe."

"Nitachafua nguo, dada."

"Mimi nilichafua gauni la kanisani. Ingia."

Aliingia. Walimsikia akigusagusa huku na huku. Tochi ilikwenda gurudumu la kulia, ikarudi, ikaenda la kushoto, ikapanda kwenye injini, ikarudi tena la kulia. Antoni alikuwa amesimama wima, saa ya inspekta ingali mfukoni mwake. Askari wawili wa zamu walisogea kutazama.

"Umeuona?" Prudencia aliuliza.

"Giza limeanza... Utakuwa umekatika, umeanguka barabarani."

"Ulikuwa umefungwa wapi? Nionyeshe pale ulipokuwa umefungwa tu."

Tochi ilizunguka tena.

"Bwana Kaijage, breki za gari hili ni za fimbo. Hazikuwahi kutiwa mafuta tangu likiwa wazo kichwani mwa Mzee Mihayo. Aliyekuwa na mafuta ni wewe, uliyebaki na gari peke yako. Toka humo."

Alitoka kinyumenyume, tai imejaa vumbi, akijaribu kucheka. "Dada, basi nimechanganya na gari jingine. Ni uchungu wa msiba. Mimi Ijumaa nilikuwa Magu..."

"Ulikuwa Kigongo. Mhoja wa feri alikuona, na taa yako ya kushoto ilikuwa imevunjika. Ulimwambia umegonga ng'ombe." Prudencia alifungua kiganja. Vipande vya kioo vilikuwa ndani. "Nimevitoa nyuma ya gari hili. Kipimo kimekamatwa Sengerema, na dereva wa lori ameshataja aliyemkodi. Sasa nieleze kuhusu huyo ng'ombe."

Revocatus aliangalia geti. Antoni alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Waitu," alisema, na safari hii halikuwa neno la kujipendekeza. "Nilitaka asimame tu. Alilikuta lori linaondoka, akapanda hili, akalifukuza. Nilikuwa nyuma yake. Nilimpigia honi. Angefika feri angepiga kelele, watu wangejaa. Nilimgusa kidogo tu nyuma. Sikujua ni jepesi vile."

"Umeyaunda kwa mikono yako," Prudencia alisema. "Hakuna bolti usiyoijua. Mfungeni."

*

Malimi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Mlango wa mahabusu ulipofunguliwa alisimama kama mtu anayeitwa kwa zamu yake.

"Saa imefika?"

"Hakuna mahakama kesho, Malimi," Prudencia alisema. "Unatoka. Breki zako zilikuwa nzima, pini zote zimefungwa waya. Mzee aligongwa kwa nyuma na Revocatus. Amekiri."

Malimi hakusogea.

"Asante, mama," alisema. "Lakini mzee alisema ni breki. Mkinitoa au msiponitoa, alisema."

Prudencia alimtazama Antoni. Sajenti alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyeandika," alisema. "Niliongeza neno. Marehemu hakutaja breki. Alisema..." Alikohoa. Ilimlazimu aseme kosa ambalo angelirekebisha kwa mtu yeyote mwingine, na alilisema taratibu, kwa ulimi wa Teodora, bila kulinyoosha. "Alisema, feli. Mwambie Malimi, feli."

Malimi aliinua kichwa.

"Feli ya Kigongo?"

"Ndiyo," Antoni alisema. "Walikuwa wamekichukua Kipimo. Alikuwa anakifukuza."

Malimi alishika nondo za mlango. Mabega yale mapana yalianza kutikisika, akalia kwa sauti, hakujificha, analia kama mtoto na kucheka humo humo, na Antoni akalia naye bila kutafuta neno sahihi la kusema.

"Hakunilaumu," Malimi alisema. "Alikuwa ananituma."

"Alikuwa anakutuma," Prudencia alisema. "Kipimo kipo Sengerema, kizima. Wanahitaji mtu wa kukitambua. Nenda nyumbani ukaoge, ukale, ukalale. Utakwenda siku yoyote utakayopata nguvu."

Malimi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake.

"Feli ya kwanza inaondoka saa ngapi?"

"Malimi, pumzika kwanza."

"Nitapumzikaje, mama? Mzee amenituma tangu Ijumaa, na mpaka sasa sijaenda."